Printa ya picha ya nyumbani

Printa ya picha ya nyumbani (pia: kichapishi cha picha) ni mashine ndogo inayochapa kwenye karatasi picha zilizopigwa kwa kamera ya dijitali au simu. Hutofautiana na printa ya kawaida ya ofisini kwa sababu inaweza kuonyesha rangi zinazobadilika polepole, kama zile za ngozi ya uso au za anga wakati wa machweo. Nyingi huchapa pia hadi ukingoni mwa karatasi bila kuacha pambizo nyeupe.

Kwa mtu anayepiga picha kwa kujifurahisha na mwenye fedha chache, bei ya mashine ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine ni wino, karatasi, na hasara inayotokea mashine ikikaa muda mrefu bila kutumika. Kwa hiyo swali la kwanza katika uchaguzi ni idadi ya picha zitakazochapwa kila wiki.

Historia

Zamani picha zilisafishwa na kuchapwa studio, katika chumba cha giza. Mojawapo ya studio zinazojulikana Afrika ya Mashariki ni Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha zake za karatasi zimedumu kuliko kumbukumbu nyingi za watu wa wakati huo.

Printa za kurusha wino zilianza kuenea sokoni katika miaka ya 1980. HP ilitoa ThinkJet mwaka 1984. Mwaka 1994 Epson ilitoa Stylus Color, iliyoweza kuchapa nukta 720 kwa inchi, na kuanzia hapo uchapaji wa picha nyumbani ukawa jambo la kawaida katika nchi tajiri. Mwaka 2010 kampuni hiyohiyo ilianza kuuza nchini Indonesia printa za matangi ya wino, ambazo hujazwa kwa chupa. Canon na HP zilifuata kwa mashine za aina hiyo.

Aina

Printa ya katriji hutumia vikasha vidogo vya wino. Bei yake ya kununulia ni ndogo, lakini katriji huisha haraka na bei ya kuzibadilisha ni kubwa. Wakati mwingine seti mpya ya katriji hukaribia bei ya printa yenyewe.

Printa ya matangi ni ghali zaidi mwanzoni, lakini wino wa chupa ni rahisi sana kwa kila picha. Nyingi zina rangi nne: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Baadhi, kama Epson L805, zina rangi sita, kwa kuongeza samawati hafifu na waridi hafifu. Rangi hizo mbili hupunguza chembechembe zinazoonekana kwenye sehemu nyeupenyeupe za picha, kama mawingu na nguo za harusi.

Printa ya joto, kama zile za Canon SELPHY, haina wino wa majimaji. Hupasha joto utepe wenye rangi, na rangi huhamia kwenye karatasi maalumu: kwanza njano, kisha waridi, kisha samawati, na mwisho tabaka la kinga. Utepe na karatasi huuzwa pamoja, kwa hiyo gharama ya kila picha hujulikana tangu mwanzo. Upungufu wake ni ukubwa wa picha, ambao kwa kawaida hauzidi ule wa kadi ya posta.

Printa ya leza hufaa kwa maandishi. Picha zake hazina ulaini wala mng'ao wa karatasi ya picha.

Hesabu ya gharama

Bei hubadilika, lakini njia ya kupiga hesabu ni ileile. Chukulia mfano wa kufikirika. Printa ya katriji inauzwa sh. 150,000 na kila picha inagharimu sh. 1,200 kwa wino na karatasi. Printa ya matangi inauzwa sh. 750,000 na kila picha inagharimu sh. 400. Tofauti ya bei ni sh. 600,000, na kila picha inaokoa sh. 800. Hivyo printa ya matangi hurudisha tofauti hiyo baada ya picha 750.

Mtu anayechapa picha 20 kwa wiki atafikia idadi hiyo kabla ya miezi tisa. Anayechapa 5 kwa wiki atahitaji karibu miaka mitatu.

Hesabu haiishii hapo. Kama studio ya mjini inachapa picha ya ukubwa huo kwa sh. 700, printa ya katriji haitarudisha fedha zake kamwe. Ile ya matangi itarudisha baada ya picha 2,500, yaani karibu miaka kumi kwa mwenye kuchapa 5 kwa wiki. Kwa mtu kama huyo, chaguo la bei nafuu ni kutonunua printa, bali kukusanya picha zake na kuzipeleka studio kwa pamoja.

Ubora wa picha

Kwa picha ya kushika mkononi, nukta 300 kwa inchi zinatosha. Picha ya sentimita 10 × 15 huhitaji takriban pikseli 1,200 × 1,800, kiasi ambacho simu janja nyingi hukizidi. Karatasi ya A4 huhitaji takriban pikseli 2,500 × 3,500. Picha iliyopokelewa kupitia WhatsApp kwa kawaida imepunguzwa, hivyo inafaa kuchapwa kutoka faili la awali.

Karatasi ina uzito sawa na wino katika matokeo. Karatasi ya kawaida hunyonya wino na kufifisha rangi, wakati karatasi ya picha ina tabaka linaloushikilia wino juu. Wino wa rangi iliyoyeyuka hung'aa zaidi, lakini hufifia mapema juani. Wino wa chembe hustahimili mwanga kwa muda mrefu zaidi. Picha yoyote hudumu zaidi ikiwekwa kwenye albamu au nyuma ya kioo, mbali na dirisha.

Matumizi katika nyanda za kati

Katika maeneo kama Makutupora, kata iliyo kaskazini mwa jiji la Dodoma na inayojulikana kwa visima vya maji na mashamba ya zabibu, mazingira yenyewe huathiri printa. Mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya ukavu, upepo na vumbi.

Hewa kavu hukausha wino kwenye matundu madogo ya kichwa cha printa. Matundu yakiziba, picha hutoka na mistari. Mashine ina utaratibu wa kujisafisha, lakini kila usafishaji hutumia wino mwingi. Kuchapa picha moja ndogo yenye rangi zote kila wiki huzuia tatizo hilo kwa gharama ndogo zaidi.

Umeme ukikatika printa ikiwa kazini, kichwa hubaki nje ya kifuniko chake na huanza kukauka. Umeme ukirudi, mashine iwashwe, iachwe irudishe kichwa mahali pake, kisha izimwe kwa kitufe chake yenyewe, si kwa swichi ya ukutani. Ikiwa haitumiki, hufunikwa kwa kitambaa safi, na trei ya nyuma haiachwi na karatasi, kwa kuwa vumbi huingia pamoja nazo.

Printa ya joto haina wino wa kukauka, hivyo humfaa anayechapa kwa nadra. Hata hivyo vumbi likiingia kwenye utepe huacha alama nyeupe kwenye picha.

Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

* Wino na karatasi zake zinapatikana katika maduka ya karibu, si Dar es Salaam pekee.
* Mashine inakubali umeme wa volti 230. Baadhi ya zile zilizotumika Marekani ni za volti 120.
* Katriji za mashine iliyoletwa kutoka nje zinalingana na zile zinazouzwa nchini, kwa kuwa baadhi ya makampuni huzitenganisha kwa maeneo.
* Printa iliyotumika ijaribiwe kwa kuchapa ukurasa wa kukagua matundu mbele ya mnunuzi. Mistari iliyokatika ni dalili ya kichwa kilichoziba.
* Inaweza kuchapa picha ndogo za vitambulisho. Karatasi moja ya sentimita 10 × 15 hutoa picha nane za milimita 35 × 45, na baadhi ya wapigapicha hupunguza gharama ya wino kwa kuwachapia majirani picha hizo.

Tazama pia

* Printa
* Upigaji picha
* Kamera
* Makutupora