Upande wa Uzio: Picha za Mandhari ya Akagera kama Hati ya Historia

Mkazi wa Kimironko, katika Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, atazamapo picha ya Hifadhi ya Taifa ya Akagera huona maziwa, nyasi na vilima, pasipo mtu hata mmoja. Makala haya yanajenga hoja kwamba utupu huo una historia yake.

Hifadhi hiyo iliasisiwa na utawala wa Kibelgiji mwaka 1934, katika nchi ambayo wafugaji na wawindaji walikuwa wakiitumia. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wakimbizi waliorejea na mifugo yao walikaa humo. Mwaka 1997 eneo lake lilipunguzwa kutoka zaidi ya kilomita za mraba 2,500 hadi takriban 1,100. Uzio wa umeme, wenye urefu wa kilomita zipatazo 120, ulikamilika mwaka 2013. Simba wakarejeshwa mwaka 2015, na vifaru weusi mwaka 2017.

Kwa hiyo, mahali pale pale pangeweza kutoa picha mbili za kweli: ya ng'ombe mwaka 1996, na ya simba mwaka 2016. Mwanahistoria anayeipokea picha kama hati hana budi kuuliza ilipigwa lini, mpaka wa siku hiyo ulipita wapi, na ni nani aliyebaki nje ya uzio. Pasipo maswali hayo, uzuri wa mandhari hutusahaulisha waliopata kuishi humo.