Wanawake wa Ndani wa Karagwe

Watunzi wa hadithi wamependa tangu zamani kumweka mwanamke mmoja nyuma ya mlango uliofungwa na mji mzima nje ukichungulia, kama alivyofanya Mmarekani William Faulkner mwaka 1930 katika kisa cha Emily Grierson. Lakini katika nchi ya Karagwe mwanamke wa ndani hakuhitaji kubuniwa, kwa kuwa kukaa kwake ndani kulikuwa ada ya jamaa ya mfalme.

Huko Bweranyange, makao ya mfalme, katika enzi ya Mukama (yaani mfalme) Rumanyika, wake wa wakubwa walinyweshwa maziwa tangu utotoni hata wakawa hawawezi kusimama wima, na unene huo, uliokuwa ajabu kwa mgeni, kwa wenyeji ulikuwa fahari na dalili ya wingi wa ng'ombe.

Habari hizi msafiri Mwingereza John Hanning Speke alizipata Kazeh (Tabora ya leo) kwa tajiri Musa Mzuri, na alipofika Karagwe mnamo Novemba 1861 hakustarehe mpaka azihakikishe kwa macho. Kwa Wazezeru, kaka yake Rumanyika, alikuta vyombo vya mti vya maziwa vimetundikwa tele. Kisha akaingia kwa shemeji mmoja wa mfalme akampima: mkono inchi 23, kifua 52, paja 31, na kando ameketi binti wa miaka 16 akinyonya chombo cha maziwa, baba yake kashika fimbo ili asiache. Waliosimulia kisa hiki hukariri vipimo na kusahau ujira wake, kwani bibi yule alikubali kupimwa kwa ahadi ya kuonyeshwa miguu na mikono mitupu ya Mzungu. Naye pia, kumbe, alikuwa na hamu ya kutazama. Udadisi wake mimi nauona wa adabu zaidi, maana hakumpima mtu.

Baadaye sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe, na ada hiyo ingesimamaje pasipo maziwa?

Lakini kabla ya hayo Mzungu naye alipata kuwa mtu wa ndani: Speke alipokwenda Buganda Januari 1862, mwenziwe James Grant alibaki, kidonda cha mguu kimemfungia kibandani miezi mitatu na zaidi, akatibiwa kwa dawa za wenyeji na kutazamwa na wapitao, hata Aprili akatolewa Karagwe juu ya machela, vichwani mwa wapagazi.