Chini ya Gari

Baba yangu ana zoea moja ambalo hajawahi kumweleza mteja. Kabla hajalala chini ya gari, hulitoa gurudumu, hulilaza chini ya chasisi, kisha hulipiga teke dogo, kama mtu anayemwamsha mbwa. Miaka mingi nilidhani ni njia tu ya kuondoa gurudumu njiani.

Agosti 2019 jeki iliteleza. Nilikuwa nyumbani Katoloni, mwendo mfupi kutoka mjini Machakos, kwa likizo ya mwaka wa pili. Nilisikia mlio, si mkubwa sana, halafu kimya, halafu mama akipiga kelele. Gari lilikuwa limeshuka juu ya lile gurudumu. Pengo lililobaki kati ya chuma na ardhi lilikuwa kama shubiri moja na nusu, na ndani ya pengo hilo alikuwamo baba. Tulimtoa akiwa na mtulinga uliovunjika na mbavu mbili. Alikaa miezi mitano bila kushika spana. Gharama za hospitali zilikula karo yangu, na karo ilipoisha, zikala ng'ombe.

Watu huniuliza kwa nini niliacha chuo. Huwa nasema karo, na ni kweli. Lakini jibu kamili ni jeki ya tani mbili.

Sasa mwaka huu mzee akatuita baada ya chakula, akasema anataka kununua lifti. Si ile ya kupandisha watu ghorofani. Ile ya gereji: nguzo mbili za chuma, mikono minne, gari linaenda juu na fundi anasimama chini yake kama binadamu. "Nimechoka kulala chini kama mjusi," alisema. Bei aliyotajiwa Nairobi ilikuwa 260,000. Mama alinyamaza. Mimi nilikuwa na akiba ya 95,000, pesa za makala na za kuhariri kazi za wanafunzi wenye bahati kuliko mimi, na kila mtu pale mezani alijua niliziweka kwa ajili gani. Nilikuwa narudi chuo.

Sikujibu usiku ule. Nilifanya kile ambacho mtu aliyesoma historia miaka miwili anaweza kufanya: nikaanza kutafuta. Swali langu lilikuwa rahisi. Kifaa hiki si kipya. Kwa nini kimechukua karibu miaka 100 kufika kwetu?

Nguvu inayokiendesha ilielezwa katika karne ya 17 na Mfaransa Blaise Pascal: ukikandamiza majimaji yaliyofungiwa, mkandamizo ule unasambaa sawasawa kila upande. Ukisukuma pistoni ndogo kwa nguvu ndogo, pistoni kubwa upande wa pili itainua mzigo mkubwa, ingawa itapanda polepole. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akachukua hataza ya mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo. Halafu mwaka 1925, katika mji wa Memphis, Marekani, fundi anayeitwa Peter Lunati akaileta kwenye gereji. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia kwa kinyozi, akitazama kiti kinavyopanda na kushuka. Kama kiti kinaweza kumwinua mtu, kwa nini kisiinue gari?

1925. Sasa njoo Machakos ya mwaka huo.

Mji wetu ulikuwa tayari umeshaonja ukubwa na kuupoteza. Jina lake limetokana na Masaku, mzee maarufu wa Wakamba. Kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, ilijenga ngome hapa mwaka 1889, na kwa miaka kumi Machakos ilikuwa kituo kikuu cha utawala bara, wakati Nairobi ikiwa kinamasi cha kunyweshea mifugo. Kisha reli ikapita kwingine. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na ofisi nazo zikahama. Sisi tukabaki na vilima vyetu.

Kabla ya reli, kila kitu kilichopita Machakos kilipita juu ya kichwa au bega la mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi. Hata baada ya reli, vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, serikali ilikusanya wanaume kwa maelfu, kwa hiari na kwa nguvu, wabebe mizigo ya jeshi katika Carrier Corps. Wengi walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Majina Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni masalio yao. Kwa hiyo, mwaka ule Lunati alipokuwa akifikiria jinsi ya kumwondolea fundi wa Memphis kazi ya kutambaa chini ya gari, hapa kwetu bega la Mwafrika ndilo lililokuwa jeki ya serikali. Na jeki isiyolipiwa vizuri haimpi mtu haraka ya kutafuta nyingine.

Gari liliwaingia Wakamba kwa wingi kupitia vita vya pili. Wakamba walikuwa wengi katika King's African Rifles kuliko idadi yao nchini, na si wote walishika bunduki. Kulikuwa na kikosi cha uchukuzi, East African Army Service Corps, kilichofundisha madereva, na kingine cha ufundi wa mitambo na umeme. Babu wa baba yangu alikuwa dereva wa lori. Familia inasema alirudi na koti, cheti na maneno ya ajabu: spana, klachi, giaboksi. Hakurudi na gereji.

Gereji zilikuwa na wenyewe. Mzungu alikuwa na mtaji, Mhindi alikuwa na ujuzi na duka, Mwafrika alikuwa mkono wa kushikia taa. Mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu mafundi wa Kenya, alionyesha jinsi ufundi mwingi ulivyohama kutoka karakana za Wahindi kwenda mikononi mwa Waafrika waliofanya kazi humo, bila darasa, kwa kutazama. Ukisikiliza gereji yoyote leo utausikia msafara huo kwenye maneno. "Gari" lilitoka Bara Hindi. "Parafujo" tuliachiwa na Wareno. "Injini" na "jeki" ni za Mwingereza. "Fundi" ni neno letu wenyewe.

Lakini ujuzi ulihama, sakafu haikuhama. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu ajira Kenya, na ripoti hiyo ikausambaza duniani msemo wa "sekta isiyo rasmi". Iliwaambia wakubwa kwamba watu hawa wa kandokando ya barabara si wavivu wala wahuni, wanazalisha, na kwamba kinachowaumiza zaidi ni kubughudhiwa na kubomolewa. Sisi tulikuwa na jina letu, jua kali, kwa sababu walifanya kazi bila paa. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi vibanda. Mwaka uliofuata sera ya serikali ikaanza kuwataja kama tegemeo la uchumi. Vibanda vikajengwa sehemu kadhaa. Mwaka 1990 taifa likaonyeshwa gari lake lenyewe, Nyayo Pioneer, lililoundwa kwa amri ya Moi. Halikufika sokoni. Katika miaka hiyohiyo ya 90 milango ya biashara ikafunguliwa, na magari yaliyotumika Japani yakamiminika. Tangu hapo hakuna uhaba wa magari ya kutengeneza. Bado aliyeyatengeneza alilala juu ya katoni.

Kwa nini? Jibu la haraka ni umaskini, lakini halitoshi. Mafundi wengi wangeweza kuchanga. Tatizo ni kwamba lifti haitembei. Lazima ifungwe kwa bolti kwenye zege, zege lazima limwagwe kwenye ardhi, na ardhi lazima iwe ya mtu asiyeweza kufukuzwa kesho. Fundi wa kandokando ya barabara huchagua vifaa vinavyoingia kwenye gunia, kwa sababu siku tingatinga likija atakimbia na gunia. Jeki inaingia kwenye gunia. Hata shimo, lile la kuchimba ili fundi asimame chini ya gari, linataka umiliki kidogo, na lina ubaya wake: mvua inalijaza, na mvuke wa petroli, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, unatua humo ukisubiri cheche.

Baba alihamishwa mara tatu mjini. Mara ya tatu alirudi na gunia lake nyumbani, kwenye kipande alichorithi, akaweka mabati manne juu ya nguzo. Nimesoma kwamba kwingine gereji ya nyumbani ni starehe, mtu mwenye gari zuri anacheza nalo Jumamosi. Kwetu nyumbani ndiyo anwani pekee ambayo baba hangeweza kuhamishwa.

Basi nikampa zile 95,000. Sitasema nilifanya hivyo kwa moyo mkunjufu. Nilifanya hesabu: bili ya mwaka 2019 ilizidi bei ya lifti. Tulikuwa tumeshalipia lifti mara moja, ila hatukupewa.

Kama na wewe una fundi nyumbani mwenye wazo hili, nikwambie tulichojifunza. Kununua lifti ni kununua sakafu. Tulitoboa sakafu ya baba tukakuta zege la inchi mbili juu ya udongo mwekundu. Lifti ya nguzo mbili hutaka angalau inchi nne za zege zuri, na yetu ilitaka sita. Nguzo ikisimama kwenye zege jembamba, bolti zitang'oka siku gari liko juu, na hapo afadhali ile jeki. Tulivunja, tukamwaga upya kwa nondo, tukasubiri wiki nne zege likomae huku wateja wakinung'unika. Paa nalo lilikuwa fupi, likainuliwa. Kisha stima: mota nyingine zinataka umeme wa fezi tatu, ambao nyumba nyingi hazina, kwa hiyo tukatafuta ya fezi moja.

Huko Nairobi, kwenye maduka ya Kirinyaga Road ambayo wazee bado wanaita Grogan, tulionyeshwa moja iliyotumika, nusu bei. Baba alizunguka bila kusema. Alivuta nyaya, akapitisha kidole chini ya silinda kikatoka na mafuta, akatikisa mikono. Halafu akaomba ipandishwe, akatega sikio. Mashine hizi zina meno ya chuma ndani ya nguzo, yanayojifunga kila hatua ili mafuta yakivuja gari lisishuke. Unapaswa kuyasikia: tak, tak, tak, pande zote mbili pamoja. Upande mmoja ulikuwa kimya. "Hii ni jeki ndefu tu," baba akasema, tukaondoka. Tulichukua mpya ya tani nne, na deni la chama juu yake.

Yote kwa yote, pamoja na sakafu na paa, ilifika karibu 400,000.

Gari la kwanza kupanda lilikuwa Probox ya kubebea mboga. Majirani walikuja kutazama. Lilipofika juu stima ikapotea, na tukajifunza jambo ambalo muuzaji hakutaja: likishakaa kwenye meno, haliwezi kushuka bila kwanza kuinuliwa kidogo, na kuinua kunataka umeme. Mwenye mboga alikaa saa mbili akiangalia gari lake angani. Baba hakujali. Alikuwa amesimama chini yake, wima, mkono mmoja kwenye giaboksi, na mimi kwa mara ya kwanza nikaona kwamba baba yangu ni mrefu.

Kisha akaenda kwenye ukuta, akachukua gurudumu, akalilaza sakafuni chini ya gari lililokuwa futi sita juu, akalipiga teke dogo.

"Baba, hiyo sasa ya nini?"

"Hii mashine nimeijua wiki moja," akasema. "Tairi nimelijua miaka thelathini."

Barua ya kuomba kurudi chuo bado iko kwenye kompyuta yangu. Chama kitamaliza kulipwa Desemba mwakani. Nitaituma Januari.