Uchungu wa Guangzhou, Utamu wa Cairo

Katika maduka ya zamani ya liangcha, Guangzhou na Hong Kong, mteja hana haja ya kuvuta kiti. Anasimama mbele ya birika kubwa la shaba lenye bomba, anapewa bakuli la maji meusi ya majani na mizizi, analimaliza kwa mikupuo michache huku uso umemkunjamana, kisha wengine hutafuna tunda lililokaushwa kwa sukari ili kuutoa ule uchungu kinywani. Hakuna anayelalamika kwamba chai ni mbaya. Ingekuwa tamu ndipo angetilia shaka.

Uganga wa Kichina umeigawa ladha mafungu matano, na kila fungu lina kazi yake: chungu hushusha joto la mwili, kali hutoa jasho, tamu hutia nguvu na kutuliza, chachu hukaza na kuzuia visitoke, chumvi hulainisha. Kwa hiyo ulimi pale hauulizwi kama umependa. Unaulizwa umesoma nini.

Sisi wa pwani mawazo hayo si mageni. Tangawizi ni moto, karafuu ni moto, pilipili manga ni moto. Mwenye mafua hapewi kitu cha baridi, na bibi akikuona unakohoa hashauriani na mtu. Elimu hiyo ina undugu na tiba ya Wagiriki iliyokuzwa na waganga walioandika kwa Kiarabu, akiwemo Ibn Sina, ambaye kitabu chake cha Kanuni kilikamilika karibu mwaka 1025. Naye alikubali kwamba ladha yaweza kuashiria tabia ya dawa. Ila majaribio aliyapa uzito zaidi, akayawekea masharti, mojawapo likiwa kwamba dawa ijaribiwe kwa maradhi yasiyochanganyika na mengine. Sharti hilo wengi tumelisahau, tukabaki na ladha.

Hasara ya kubaki na ladha peke yake inaonekana vizuri Cairo. Huko kuna vinywaji viwili ambavyo kila mtu anavijua. Cha kwanza ni karkade, yaani rozela yetu: nyekundu ya damu, chachu hadi meno yanashituka, kwa hiyo hutiwa sukari bila huruma. Cha pili ni irqsus, kinywaji cha mzizi mtamu wa asili, kinachopendwa sana wakati wa Ramadhani. Muuzaji wa jadi hubeba chombo kikubwa kifuani na kugonga visahani vya shaba ili watu wajue anapita. Kwa ulimi, irqsus ndiyo mpole na karkade ndiyo mkorofi. Kwa mishipa ya damu mambo ni kinyume kabisa. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010, watu wazima 65 wenye presha iliyopanda kidogo waligawanywa makundi mawili. Waliokunywa vikombe vitatu vya rozela kwa siku, kwa wiki sita, namba yao ya juu ilishuka kwa takriban 7, wenzao waliopewa kinywaji cha kuigiza ikashuka kwa 1 tu. Ule mzizi mtamu, kwa upande wake, una glisirizini, kemikali inayoufanya mwili ushikilie chumvi na maji na kupoteza potasiamu, na presha ikapanda. Wataalamu wa Ulaya wanashauri mtu asizidishe miligramu 100 za kemikali hiyo kwa siku. Ulimi hauna namna ya kuzihesabu.

Wajerumani waliamua kuutoa ulimi mahakamani. Mwaka 1978 serikali yao iliunda kamati ya kupima dawa za mitishamba, maarufu kama Kommission E, na maelezo yake ya kamomili yanasomeka kama karatasi ya duka la dawa: gramu 3 za maua, mililita 150 za maji yanayochemka, funika, chuja baada ya dakika 5 hadi 10. Utamu au uchungu hauna nafasi humo. Mimi nayaona makavu, lakini lile neno "funika" lina akili kubwa. Mafuta yenye harufu huruka na mvuke. Mchaichai tunaouchemsha sufuria wazi hunukia mpaka kwa jirani, na jirani ndiye anayefaidi.

Kwenye milima ya Cederberg, Afrika Kusini, mambo yamegeuzwa. Rooibos hukatwa, hupondwa, hurundikwa ikiwa na maji mpaka itoe jasho na kuwa nyekundu, ndipo huanikwa juani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch wameipangia msamiati wa kuonja: asali, mbao, maua ya porini, na upande wa lawama, nyasi kavu. Haina kafeini, na ukakasi wake ni mdogo. Ni kweli sifa za tiba hazikukosekana, hasa tangu mwaka 1968, mama mmoja, Annique Theron, alipoona jinsi ilivyomtuliza mtoto wake mchanga. Lakini muonjaji anapotenga fungu zuri na baya, hataji ugonjwa wowote. Namheshimu kwa hilo.

Hata hivyo siwezi kuwacheka wazee wa Guangzhou, kwa sababu uchungu ulikuwa na faida ambayo nadharia yao haikuihitaji: ulikuwa kipimo. Hakuna anayekunywa mwarobaini lita nzima kwa starehe. Unameza kidogo, siku unayoumwa, basi. Sukari ndiyo inayovunja ua huo. Wang Lao Ji, jina lililoanza Guangzhou mwaka 1828 kwa chai chungu, leo linauzwa kwenye makopo mekundu, tamu, kinywaji cha kuteremshia chakula chenye pilipili. Rozela nayo imeingia njia hiyohiyo hapa kwetu: inachemshwa, inatiwa sukari vikombe kwa vikombe, inafungwa kwenye chupa, na muuzaji anaapa kwamba inashusha presha. Vikombe vya lile jaribio la Marekani havikuwa sharubati.

Kwa hiyo nikionja rozela naionja kwanza bila sukari, ya moto, iliyofunikwa. Nataka uchachu safi wenye harufu ya tunda, usioacha vumbi kooni. Hapo nimehukumu kinywaji. Suala la presha napeleka kwenye mashine ya kupimia, na anayemeza vidonge vyake kila asubuhi amuulize mfamasia kabla hajaongeza kikombe cha tatu.