Batwa wa Msitu wa Kahuzi

Jina la Kahuzi-Biega si geni kwetu watu wa Masisi na Walikale. Parke hiyo ya Taifa huanza milimani, magharibi ya ziwa Kivu, karibu na Bukavu, ikashuka hata misitu ya Walikale, upande wa Itebero. Mlima Kahuzi, wenye mita 3,308, na mlima Biega ndiyo iliyoipa jina. Kwa miaka mingi wageni wa Ulaya na Marekani walikuja kutazama gorila wake, ambao ni wakubwa kupita gorila wote.

Wageni wachache waliuliza: kabla ya walinzi na vibao, ni nani aliyekaa humu? Walikaa Batwa. Waliwinda kwa nyavu na mbwa, wakatafuta asali, mizizi na dawa, na humo waliwazika wafu wao.

Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji iliutenga msitu kwa ajili ya wanyama, lakini Batwa walibaki ndani. Mambo yaligeuka tarehe 30 Novemba 1970, parke ilipoundwa kwa juhudi ya Mbelgiji mmoja, Adrien Deschryver. Ilikuwa hektari 60,000. Mwaka 1975 ikaongezwa hata 600,000. Batwa wakatolewa kwa nguvu, bila malipo wala shamba la kuhamia. Wengine huhesabu watu 3,000, wengine 6,000. Na hao waliofuata nyayo za gorila mbele ya Deschryver na wageni wa kwanza walikuwa Batwa!

Sisi wa Mweso twajua uchungu wa kuacha nyumba. Lakini anayekimbia vita hutumaini kurudi siku bunduki zitakaponyamaza. Batwa waliambiwa kwamba kurudi ni kosa. Hata aliyeingia kutafuta kuni aliweza kukamatwa. Wakakaa pembeni mwa mashamba ya watu, huko Kabare na Kalehe, wakiishi kwa vibarua.

Mwezi wa Oktoba 2018 jamaa nyingi zilirudi msituni bila kungoja ruhusa. Damu ikamwagika, ya walinzi na ya Batwa. Tusifiche neno: miti mingi ilikatwa ikachomwa makala, na Batwa wengine walikuwamo katika biashara hiyo. Wapo wasemao kwamba hayo yaonyesha kuwa kuwafukuza kulikuwa haki. Hatukubali. Mtu aliyezuiliwa msitu karibu miaka 50, akarudi na njaa, ataishije kama babu yake? Tena wanunuzi wa makala hayo si Batwa.

Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu hao. Mwezi wa Julai 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu: serikali ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi, nayo yapaswa kuwarudishia ardhi, kuwaomba radhi na kuwalipa fidia. Wengi wa waliotolewa wakiwa watu wazima wamekwisha kufa.