Kivuli, Ukuta na Upepo: Nyumba za Miji ya Pwani

Joto la pwani lina ukaidi wake: hewa imejaa unyevu, na usiku nao haupoi sana. Ukuta mnene peke yake haumsaidii mkaaji. Ndiyo maana wajenzi wa miji ya Waswahili walitafuta vitu vitatu kwa pamoja: kivuli, ukuta na upepo.

Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, jumba la Husuni Kubwa lilijengwa juu ya genge linalotazama bahari, likiwa na nyua na birika la kuogea la pembe nane.

Ustadi wa kuunganisha kivuli, ukuta na upepo unaonekana vizuri zaidi katika nyumba za Lamu za karne ya 18. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilikaribia unene wa nusu mita. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Kiwanda, yaani ua wa katikati, kiliingiza mwanga na hewa hadi kwenye misana, yaani vyumba virefu vya ndani, huku vichochoro na vyumba vya wikio, vilivyovuka njia kwa juu, vikiwafunika wapita njia kwa kivuli. Hata hivyo, ukuta ulioota jua mchana huachia joto usiku. Basi watu walipanda juu kabisa, chini ya paa la makuti lililo wazi kwa kusi na kaskazi.

Unguja, Sultan Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 na kuizungushia veranda pana, jua lisifike ukutani. Wafanyabiashara wenye asili ya India nao waliweka duka chini na roshani juu.

Dar es Salaam ilizoea nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, vyumba pande mbili za ukumbi, uani nyuma. Milango ya mbele na ya uani ikiwa wazi, upepo ulipita nyumba nzima. Baadaye bati lilichukua nafasi ya makuti. Lilidumu na halikushika moto, lakini pasipo dari lilimwaga joto vyumbani. Uani ukajazwa vyumba vya kupangisha, upepo ukazibwa. Sasa kiyoyozi hupoza chumba kwa kutupa joto nje, kwa jirani.

Matumbawe na mikoko tuviache baharini, maana vinalinda fukwe na mazalia ya samaki. Cha kurithi ni mpangilio: madirisha yanayokabiliana, nafasi ya hewa kati ya dari na bati, kivuli upande wa magharibi, na uani usiojengwa. Dunia inapozidi kupata joto, halmashauri zinazopitisha ramani za nyumba zingeanza kudai mambo hayo manne, kwani ni rahisi kuyachora kabla ya msingi kuliko kuyatafuta baada ya paa.