Chura wa Kihansi na Taa Zetu

Ukitaja wanyama walio hatarini kutoweka, sisi vijana wa mjini tunakimbilia faru na tembo. Mimi leo nawapeleka kwa chura. Msicheke, jamani. Chura huyu ni wa njano, mzima wake hafiki sentimeta 3, na hatagi mayai kama vyura wengine: anazaa watoto hai. Duniani kote makazi yake yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania. Eneo lenyewe kama hekta 2, basi.

Wataalamu walimkuta mwaka 1996. Wakati huo bwawa la umeme lilikwisha anza kujengwa. Nchi ilikuwa imechoka na mgao. Viwanda vinasimama, watoto wanasomea kibatari. Tulizitaka megawati 180, na tulikuwa na haki ya kuzitaka. Kufikia mwaka 2000 mitambo ilikuwa inazunguka, na karibu maji yote yakapitishwa kwenye handaki. Manyunyu yakakatika.

Tazama hapo, ndugu msomaji. Hakuna jangili, hakuna bunduki. Kuna mhandisi, kuna mkopo, kuna mimi na wewe tunaoandika usiku kwa taa. Hatukumchukia chura; hatukumwona tu.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipandishwa ndege kwenda Marekani. Huko wengi walikufa. Huku bondeni yakatandikwa mabomba ya kurashia maji, manyunyu ya bandia. Vyura wakaongezeka, halafu mwaka 2003 wakapukutika ghafla. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukakutwa kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Lakini wale wachache waliosalia ng'ambo walizaana. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Wapo wanaoniambia, "Chura ni nini mbele ya umeme?" Siwaungi mkono. Wala siwaungi wanaosema eti tungebaki gizani. Ninachodai mimi ni kutazama kwanza. Megawati zilipigiwa hesabu mapema, kabla ya jembe la kwanza. Chura alihesabiwa wakati saruji imeshamwagwa. Gharama yake ndiyo hiyo: ndege, maabara, miaka 12 ya kuhangaika.

Na kazi haikuisha kwa vyura kurudi. Manyunyu ambayo mto uliyatoa bure, sasa yanataka bomba, fundi na fedha, kila siku, daima. Ukimnyang'anya mtu paa la nyumba yake, humwachii mwavuli kisha ukaondoka. Unakaa naye, unamshikia.